Nani Aliogopwa? Kura na Mageuzi ya Marekani Mwanzoni mwa Karne ya 20

Timothy Sullivan hakuwa mtu wa kutolewa mfano kanisani. Alikuwa seneta wa jimbo la New York na kigogo wa Tammany Hall, ile mashine ya chama cha Democratic iliyoliendesha jiji la New York kwa vyeo, zabuni na bahasha. Mitaa ya Bowery ilikuwa yake. Watu walisema hakuna kamari wala pambano la ngumi lililofanyika huko bila yeye kupata chake. Kila Krismasi aliwalisha maelfu ya masikini, na baridi ikiingia aliwagawia viatu. Siku ya uchaguzi nao walimkumbuka. Magazeti ya waungwana yalimwona kuwa ndiye uozo wenyewe, na katika hilo sitabishana nayo.

Mwaka 1912, bunge la jimbo mjini Albany likikaribia kufunga kikao, Sullivan alikuwa ameshaondoka kwenda kupanda meli ya usiku ya kurudi New York. Huku nyuma, mswada wa kuzuia wanawake wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki ukawa unakata roho, maana baadhi ya waliouunga mkono walianza kugeuza kura mara tu alipotoka. Frances Perkins, aliyekuwa akiusukuma mswada huo kwa niaba ya Jumuiya ya Walaji, akapiga simu gatini. Sullivan na binamu yake wakarudi mbio, wakaupanda mlima wa Albany wakihema, wakaingia ukumbini na kupiga kura. Mswada ukapita. Perkins alisimulia baadaye kwamba mzee huyo alimpa sababu fupi tu: dada yake aliingia kazini akiwa msichana mdogo, na wasichana wa namna hiyo aliwaonea huruma.

Huruma yake naiamini. Naamini pia kwamba wasichana hao walikuwa na baba, kaka na wachumba, na kwamba hao ndio waliompigia kura Sullivan.

Miaka ya 1900 hadi 1920 husimuliwa kama enzi ambayo dhamiri ya Marekani iliamka. Waandishi walifichua maovu ya matajiri, akina mama wa tabaka la kati wakaingia mitaa ya makabwela na daftari mkononi, rais mwenye misuli akayakemea makampuni, sheria zikatungwa. Hadithi hiyo ina ukweli mwingi ndani yake, ila haijibu swali moja: kwa nini dhamiri ile ile ilimfikia fundi cherehani wa New York, ikachelewa kumfikia mtoto wa kiwanda cha pamba cha Carolina, na ikampita kabisa mkulima mweusi wa Mississippi? Jibu langu ni kwamba huruma ilikuwepo karibu kila mahali, lakini iligeuka sheria pale tu ambapo mwanasiasa fulani alikuwa na kura za kupoteza. Na wengi wa wale tunaowaita wanamageuzi walitumia miaka hiyo hiyo kupunguza idadi ya watu wa kuogopwa.

Tuanze na moto wa kiwanda cha Triangle, kwa kuwa hapo mambo yanaonekana waziwazi. Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, saa kumi na dakika 40 alasiri, moto ulishika mabaki ya vitambaa kwenye ghorofa ya 8 ya jengo la Asch, karibu na Washington Square. Kiwanda kilishona blauzi na kilikuwa na ghorofa tatu, ya 8 hadi ya 10. Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa ghorofa ya 10, nao walitorokea juu ya paa. Kwenye ghorofa ya 9 mlango wa ngazi wa upande wa Washington Place ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu uongozi ulitaka wasichana wote watokee mlango mmoja wapekuliwe mikoba, asije mtu akaondoka na kipande cha kitambaa. Ngazi ya nje ya kujiokolea iliporomoka kwa uzito wa watu. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6. Wengi waliruka. Walikufa watu 146, 123 kati yao wanawake, wengi wao Wayahudi na Waitaliano waliohamia Marekani na familia zao, wadogo kabisa wakiwa na miaka 14. Perkins alikuwa akinywa chai kwa rafiki yake jirani na hapo. Alitoka mbio akayaona kwa macho yake.

Desemba mwaka huo huo wenye kiwanda waliachiwa huru, kwa kuwa baraza la mahakama halikushawishika kwamba walijua mlango umefungwa saa ile. Mwaka 1914 walilipa dola 75 kwa kila maiti kwa familia zilizowashtaki, ilhali bima ilikuwa imeshawalipa zaidi ya hasara waliyopata. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda saa za kazi, akatozwa faini ya dola 20. Dola ishirini! Kama uchungu wa umma peke yake ungetosha kubadili mambo, mtu huyo asingethubutu hata kushika ufunguo.

Mambo yalibadilika kwingine. Miaka miwili kabla ya moto, mwaka 1909, mafundi wa blauzi zaidi ya 20,000 waligoma jijini humo, wa Triangle wakiwemo. Polisi waliwapiga na kuwakamata kwa mamia, mahakimu wakawatoza faini, na polisi na mahakimu hao walikuwa chini ya himaya ya Tammany. Baada ya moto, Tammany ile ile iliunda Tume ya Uchunguzi wa Viwanda, ikamweka seneta wake Robert Wagner kuwa mwenyekiti na mbunge wake Al Smith kuwa makamu. Tume hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 1915 na kuzaa zaidi ya sheria 30: milango ifunguke kwa nje na isifungwe saa za kazi, mazoezi ya kujiokoa, vinyunyizio vya maji katika majengo marefu, vyoo, saa za kazi za wanawake na watoto.

Perkins alikuwa mjanja. Aliwatoa wanasiasa hao maofisini akawapeleka wakaone wenyewe. Katika kiwanda kimoja alimfanya Wagner ajipenyeze kwenye kitundu cha ukutani kilichoandikwa kuwa ni njia ya kutokea moto ukizuka. Nje kulikuwa na ngazi iliyoganda barafu, inayoishia hewani kabla ya kufika chini. Alimpeleka Smith kwenye kiwanda cha kamba alfajiri, akawaone wanawake wakitoka zamu ya usiku iliyodumu saa 10, nyuso zimewasawijika. Hawa hawakuwa wasomi wa mageuzi. Smith aliacha shule mapema akafanya kazi soko la samaki. Lakini walichokiona walikielewa haraka, na waliporudi Albany walikuwa na kitu ambacho wasomi wengi hawakuwa nacho, yaani kura za kutosha bungeni.

Na Charles Murphy, bosi wa Tammany, mtu wa maneno machache, aliwaruhusu kwa nini? Siku ya mazishi ya maiti ambazo hazikutambuliwa, watu zaidi ya laki moja waliandamana kwenye mvua. Wasoshalisti walikuwa wanamnyang'anya wafuasi mtaa kwa mtaa huko Lower East Side, kwenye ngome yake mwenyewe. Mwaka 1914 walimpeleka msoshalisti, Meyer London, hadi Bunge la Marekani. Murphy alijua hesabu. Bata mzinga wa Krismasi alikuwa hatoshi tena, na sheria za viwanda zilikuwa nafuu kuliko kupoteza jiji.

Sasa watazame wale waliokuwa safi. Wafanyabiashara, wanasheria, wachungaji na maprofesa waliounda vyama vya kusafisha serikali za miji walikuwa na haki ya kukasirika. Zabuni za barabara ziliuzwa, leseni za tramu zilinunuliwa, wafu walipiga kura. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa kuondoa siasa kwenye utawala wa miji. Galveston, Texas, baada ya kimbunga cha mwaka 1900, uliweka tume ya watu wachache iliyochaguliwa na mji mzima badala ya madiwani wa kata, na mamia ya miji iliiga. Pittsburgh mwaka 1911 ilifuta mabaraza ya kata ikaweka wajumbe tisa waliochaguliwa na jiji lote kwa pamoja. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini fikiria fundi chuma wa Kipolandi: jana diwani wake alikuwa mwenye klabu ya pombe hapo kona, anayemfahamu kwa jina, leo mjumbe ni mtu wa mtaa wa matajiri, ambaye kampeni ya jiji zima anaweza kuimudu yeye na wenzake tu.

Mtu aliyeliona hili kwa uaminifu kuliko wote ni Jane Addams wa Hull House, kituo cha kuwahudumia masikini na wahamiaji mjini Chicago. Yeye na wenzake walijaribu mara kadhaa kumwangusha Johnny Powers, diwani wa kata ya 19, mla rushwa aliyejulikana, wakashindwa. Addams angeweza kuwatukana wapiga kura kama walivyofanya wenzake. Badala yake mwaka 1898 alieleza kwa nini Powers alipendwa: aliwadhamini vijana waliokamatwa, aligharimia mazishi, aliwatafutia watu kazi, alikuja kwenye harusi. Aliona kwamba watu wa kata ile walikuwa wakimpima kiongozi kwa kipimo cha ujirani, na kwamba wanamageuzi waliokuja na hotuba za ufanisi hawakuwa na cha kuweka mahali pake. Wengi wa wanamageuzi hawakumsikia.

Masharti ya kujiandikisha yakaongezeka, karatasi za kura zikahitaji mtu anayejua kusoma Kiingereza, na mashine za vyama zilizowatoa watu majumbani zikadhoofika. Mwaka 1896 waliojitokeza kumchagua rais walikaribia asilimia 80 ya wenye haki. Mwaka 1912, katika uchaguzi ambao wagombea karibu wote walijinadi kwa lugha ya mageuzi, hawakufika asilimia 60. Sababu zilikuwa nyingi, na kukosekana kwa ushindani katika majimbo mengi ni mojawapo. Lakini enzi inayojisifu kuwa ilirudisha madaraka kwa wananchi, kwa kura za mchujo, kura za maoni na uchaguzi wa moja kwa moja wa maseneta kuanzia mwaka 1913, iliisha ikiwa na wananchi wachache zaidi sandukuni. Hilo halipaswi kupitwa kimya.

Nyama nitaisema kwa ufupi. Mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago iliandikwa ili kuwaamsha watu juu ya mateso ya wafanyakazi, na watu wakaamkia uchafu wa soseji. Tarehe 30 Juni mwaka huo sheria ya ukaguzi wa nyama ilisainiwa. Mlaji alikuwa mpiga kura, akapata muhuri. Makampuni makubwa, yaliyokuwa yakipata shida kuuza nyama Ulaya, yalipata muhuri huo kwa gharama ya hazina ya serikali, dola milioni 3 kwa mwaka, na yalifanikiwa kuliondoa sharti la kuandika tarehe kwenye makopo. Mchinjaji mhamiaji aliyesimama kwenye damu hakupata kitu.

Kusini ndiko neno mageuzi lilikofanyiwa kazi yake chafu kuliko zote, na ninashangaa jinsi masimulizi mengi yanavyolisukuma jambo hili kwenye aya ya mwisho, kana kwamba ni kasoro ndogo. Kuanzia Mississippi mwaka 1890, majimbo ya Kusini yaliandika katiba mpya zenye kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Waliozitunga walisema wanasafisha uchaguzi: kura za weusi zinanunuliwa, basi dawa ya wizi wa kura ni kumwondoa anayeibiwa. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Kura ya mchujo, ambayo gavana Robert La Follette aliipigania Wisconsin ili kuwapokonya vigogo wa chama uteuzi wa wagombea, huko Kusini ilifanywa ya wazungu peke yao, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, aliyefungiwa nje ya mchujo alikuwa amefungiwa nje ya uchaguzi.

Mtazame Hoke Smith, gavana wa Georgia. Aligombea mwaka 1906 akiahidi kuyabana makampuni ya reli na kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura, ahadi mbili katika kampeni moja. Septemba mwaka huo, baada ya miezi ya magazeti na wagombea kuchochea chuki, makundi ya wazungu yaliua weusi mitaani Atlanta. Smith alitimiza yote. Reli zikabanwa, mwaka 1908 ukafutwa utaratibu wa kuwakodisha wafungwa kwa makampuni, mwaka huo huo katiba ya jimbo ikarekebishwa na weusi wakaondolewa kwenye kura. Ukimuuliza angekwambia yote hayo ni kazi moja, na mimi naona alikuwa anasema kweli. Alikuwa anawalinda watu aliowahesabu kuwa wananchi.

Theodore Roosevelt naye alikuwa na hesabu yake. Wasomaji wa Kenya wanamfahamu kwa safari ya uwindaji: wiki chache baada ya kutoka madarakani, Aprili 1909, alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda amekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni akitazama wanyama. Alipomaliza alipitia London, na Mei 1910, mbele ya wakubwa wa jiji hilo, alisema nyanda za juu za Afrika Mashariki ya Waingereza zinaweza kufanywa nchi halisi ya Wazungu. Miezi mitatu baadaye, Osawatomie, Kansas, alitoa hotuba iliyokuja kuwa msingi wa kampeni yake ya mwaka 1912: mali iwe chini ya masilahi ya umma, watoto walindwe, makampuni yasitie fedha kwenye siasa. Mtu ni yule yule, suti ni ile ile.

Chama chake kipya cha Progressive kilipokutana Chicago Agosti 1912, wajumbe weusi kutoka majimbo ya Kusini walizuiwa kukaa, kwa kuwa Roosevelt alitaraji kuwavuta wazungu wa huko. Wajumbe weusi kutoka majimbo ambayo watu wao bado walipiga kura walikaa kwenye viti vyao bila tatizo. Huwezi kupata jaribio safi zaidi la hoja yangu. Ukumbi mmoja, kiongozi mmoja, siku zile zile, na kilichowatenganisha watu hao ni kura. Mkono mtupu haulambwi.

Aliyeshinda urais mwaka huo, Woodrow Wilson, aliahidi haki kwa watu weusi na baadhi ya viongozi wao walimpigia debe. Mwaka 1913 mawaziri wake walianza kutenganisha wafanyakazi kwa rangi katika Hazina na Posta, na mwaka 1914 waombaji wa kazi serikalini wakatakiwa kuambatisha picha. William Monroe Trotter, mhariri kutoka Boston aliyekuwa amemuunga mkono, alimwendea Ikulu Novemba 1914 na kumkumbusha ahadi. Wilson alijibu kwamba utengano ni kwa faida yao wenyewe, kisha akakasirishwa na sauti ya Trotter, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwaka huo huo aliunda tume ya kusimamia biashara, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha benki kuu. Kwa vitabu vingi, hii ni orodha ya ushindi.

Watoto wa viwandani wananilazimisha niongeze kitu kwenye hoja yangu, maana wao hawakuwa na kura popote. Lewis Hine, mpiga picha wa Kamati ya Taifa ya Kupinga Ajira ya Watoto, alianza mwaka 1908 kuzunguka viwanda vya pamba, migodi ya makaa ya mawe na mashamba. Aliingia kwa hila, mara muuza Biblia, mara mpiga picha za mashine. Msichana akisimama kando ya safu za vipota vya uzi, Hine alimpima kimo kwa vifungo vya fulana yake, kwa kuwa alijua kila kifungo kiko umbali gani kutoka sakafuni, na aliandika umri na kimo kwa penseli mkono ukiwa ndani ya mfuko wa koti. Picha zake zilipita nchi nzima. Hata hivyo sheria ya shirikisho ilikaa ikisubiri hadi mwaka 1916, na mwaka huo haukuwa bahati. Wilson alikuwa anagombea tena, na alizihitaji kura za watu waliomfuata Roosevelt mwaka 1912. Julai alikwenda mwenyewe bungeni kuwasukuma maseneta. Alisaini tarehe 1 Septemba, wiki tisa kabla ya uchaguzi.

Sheria ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto chini ya miaka 14, au vilivyowafanyisha wa miaka 14 hadi 16 zaidi ya saa nane kwa siku. Wenye viwanda vya Kusini, wakiongozwa na mhariri David Clark, walitafuta familia ya kushtaki kwa niaba yao, wakampata Roland Dagenhart wa Charlotte, North Carolina, na wanawe wawili, Reuben na John. Tarehe 3 Juni 1918 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliifuta sheria. Majaji hao wanakaa hadi wafe au wachoke; hakuna mpiga kura wa kuwatoa. Miaka michache baadaye mwandishi mmoja alimtafuta Reuben, aliyekuwa sasa kijana mwenye familia na uzito wa kilo zisizofika 50. Alimuuliza amefaidika nini na ushindi wake. Reuben alikumbuka kuendeshwa kwenye gari na kunywa Coca-Cola. Alisema ile sheria ingewafaa watoto wote wa jimbo lake. Watoto wa Marekani walisubiri hadi mwaka 1938 kupata nyingine iliyodumu, na hadi mwaka 1941 kuona Mahakama ikiikubali.

Mpinzani wa hoja yangu ataleta kesi ya Muller ya mwaka 1908, kutoka jimbo la Oregon, na anastahili kujibiwa. Wanawake wa Oregon hawakuwa na kura, lakini Mahakama ile ile, iliyokuwa imekataa mwaka 1905 kupunguza saa za waoka mikate wa New York, ilikubali siku ya saa 10 kwa wanawake wa kufua nguo. Wakili Louis Brandeis alipeleka hati ya zaidi ya kurasa 100 zilizojaa takwimu na ripoti za madaktari, zilizokusanywa na Josephine Goldmark na Florence Kelley. Hoja za kisheria zilichukua kurasa mbili tu. Nakubali, ushahidi ulifanya kazi. Lakini angalia walivyoshinda: majaji walisema mwanamke ni dhaifu na mwili wake ni mali ya vizazi vijavyo. Haki iliyotolewa kwa huruma ilikuja na maelezo yake, na maelezo hayo yalitumika kwa miongo mingi kuwanyima wanawake kazi za malipo mazuri.

Linganisha na kilichotokea walipopata kura. Marekebisho ya 19 ya Katiba yaliidhinishwa Agosti 1920. Novemba 1921 Bunge, likiwa na hofu ya wapiga kura wapya ambao hakuna aliyejua wataelekea wapi, lilipitisha sheria ya Sheppard-Towner ya kugharimia kliniki na wauguzi wa kina mama na watoto wachanga, mara ya kwanza kwa serikali ya shirikisho kufanya kitu cha namna hiyo. Chaguzi zikapita. Ikaonekana wanawake wanapiga kura kama jamaa zao, si kama jeshi moja. Madaktari wakaikazania sheria ifutwe, na mwaka 1929 Bunge liliiacha ife. Uhai wake ulikuwa sawasawa na uhai wa hofu iliyoizaa. Vyama vya kupinga pombe vililielewa somo hili mapema zaidi: havikuwa na wengi, ila viliweza kumwangusha mgombea katika uchaguzi wa kukaribiana, kama vilivyomwangusha gavana Myron Herrick wa Ohio mwaka 1905, na hilo lilitosha kuiingiza marufuku ya pombe kwenye Katiba mwaka 1919.

Kilichobaki ni watu weusi, na hapa kura ilibidi iende kwa treni. Katika miaka ya 1910 na 1920 zaidi ya watu weusi milioni moja waliondoka Kusini kwenda Chicago, Detroit, New York, St. Louis. Walifuata mishahara na walikimbia kuuawa na makundi ya watu, lakini walipofika waligundua kwamba huko mtu anakuja mlangoni kuomba kura. Leonidas Dyer, mbunge mzungu wa Republican kutoka St. Louis ambaye jimbo lake la uchaguzi lilikuwa na wapiga kura weusi wengi, alipeleka mswada wa kuyafanya mauaji hayo ya umati kuwa kosa la shirikisho. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Januari 1922. Maseneta wa Kusini, waliochaguliwa na wapiga kura waliokwisha kuchujwa, waliuzungumza hadi ukafa Desemba.

Chicago, mwaka 1928, ilimchagua Oscar De Priest, mbunge mweusi wa kwanza tangu George Henry White wa North Carolina aondoke mwaka 1901. De Priest alikuwa mtu wa mashine. Alikuwa diwani mweusi wa kwanza wa jiji hilo mwaka 1915, alishtakiwa mwaka 1917 kwa tuhuma za kula rushwa za wenye kamari, akatetewa na Clarence Darrow akaachiwa. Wasafi wa Chicago walimdharau kama wa New York walivyomdharau Sullivan. Kule Washington alikuwa peke yake, na mtu mmoja hapitishi sheria.

Mauaji ya umati yalikuja kuwa kosa la shirikisho Machi 2022, miaka 100 baada ya mswada wa Dyer, kwa sheria yenye jina la Emmett Till, mtoto wa Chicago aliyeuawa Mississippi mwaka 1955 akiwa na miaka 14. Aliyeuleta mswada huo bungeni ni Bobby Rush, wakati huo mbunge wa jimbo la kwanza la uchaguzi la Illinois, ambalo, ingawa mipaka yake imesogezwa mara nyingi, ni lile lile lililompeleka De Priest.